Vitenge Vilivyotoka Sandukuni

Karibu kila mwanamke wa Kitanzania ninayemfahamu hapa Saint Paul, jimbo la Minnesota, Marekani, ana sanduku la vitambaa chini ya kitanda. Ndani mna doti za kanga ambazo hazijatenganishwa, vitenge ambavyo bado vina karatasi ya dukani, na mabaki ya sare: sare ya sendofu ya mtoto wa dada, sare ya msiba wa baba mdogo, sare ya kwaya iliyosambaratika kabla hata ya kuimba Pasaka moja. Ukimuuliza vinatunzwa kwa ajili ya nini atakujibu, "Vitafaa tu." Mwaka unapita, vinashika harufu ya dawa ya mende, na kila anayekwenda nyumbani anarudi na vingine vya kuongezea.

Mimi kazi yangu ni kuhudumia wazee, zamu ya usiku, katika nyumba ya kutunzia wazee. Nimeshuhudia mara nyingi familia ikija kukusanya vitu vya mzee aliyefariki. Wanafungua kabati, na kwenye rafu ya juu kabisa wanakuta kwilti, blanketi la viraka la kushonwa kwa mkono, limefungwa kwenye mfuko wa plastiki tangu siku ya harusi ya marehemu. Wanalikunjua, wanalisifia, kisha mmoja anatugeukia sisi wahudumu na kuuliza kama yupo anayelitaka. Mwenyewe miaka yote amelala chini ya blanketi la kituo, jeupe la kufifia, sawasawa na la jirani yake wa kitanda cha pili. Asubuhi ya namna hiyo nikifika kwangu, sanduku langu silitazami kwa jicho jema.

Ndipo kiangazi kilipoingia nikaamua liishe. Lisipunguzwe: liishe.

Kiangazi cha Minnesota hakikupi nafasi ya kusitasita. Kabla ya katikati ya Mei huwezi kuamini udongo, kwa sababu jalidi, ule umande unaoganda, inaweza kushuka usiku mmoja tu ikaua miche yote, na Oktoba inapoanza jalidi hiyo imesharudi. Katikati hapo ndipo mnapewa jua lenu lote kwa mkupuo. Mwezi wa sita mchana unapita saa 15, na saa tatu usiku bado unatunga uzi kwenye sindano bila kuwasha taa. Kwa mtu aliyekulia Iringa, ambako jua huchomoza na kuzama karibu saa zilezile mwaka mzima, mwanga huo unavuruga akili. Mwili haukubali kwamba siku imekwisha. Nimeona wenzangu wakilalamika kwamba hawalali. Mimi nilishona.

Bustani ndiyo iliyopanga ratiba. Asubuhi nikitoka kazini nilipitia bustani ya jumuiya, ambako nina matuta yangu ya kukodi kwa msimu, nikamwagilia kabla jua halijawa kali, nikakata mboga, nikaenda kulala. Nikiamka alasiri huko nje ni joto la unyevunyevu na mbu, hakuna la maana la kufanya shambani, basi nashuka besmenti, chumba cha chini ya ardhi ambacho hubaki na ubaridi hata Julai. Cherehani iko hapo. Jioni narudi kwenye matuta. Kwa mpangilio huo nilijifunza jambo ambalo anayeanza kushona makwilti haambiwi na mtu: blanketi kubwa halishonwi mwezi wa saba. Kuunganisha viraka ni kazi ya joto, maana mkononi una vipande vidogo. Kushonea matabaka matatu pamoja, yaani uso wa viraka, pamba ya katikati na mgongo, kunakuacha na mzigo wa kilo kadhaa mapajani, na hiyo ni kazi ya Januari theluji ikiwa imeziba mlango. Kwa hiyo kiangazi nilikata, nikaunganisha, na nikashona zawadi ndogondogo. Makubwa yalisubiri.

Niseme kwanza habari za mboga, kwa sababu ndizo zilizonitoa nje.

Mchicha haupandwi kwa hamu. Ukiumwaga kwenye udongo wa baridi mapema Mei kwa kuwa umechoka kula spinachi ya mfuko, mbegu zitalala hapo hapo na nyingine zitaoza. Subiri mwisho wa mwezi, udongo uwe na uvuguvugu ukiushika, halafu simama pembeni: wiki nne au tano unakula. Siri nyingine ni kuukata bila huruma. Ukifika magotini kata ncha, utatoa matawi ya pembeni, nayo ukiyakata yatatoa mengine. Usipoukata unakimbilia kutoa maua, hasa Agosti siku zinapoanza kufupika, na majani yake yanakuwa madogo, magumu, yasiyo na ladha. Niliwahi kumwachia jirani aliyesafiri tuta lake zima "nisije nikalimaliza". Aliporudi alikuta kichaka cha mbegu.

Hapa, hata hivyo, mchicha una ndugu wenye sifa mbaya. Jimbo lina orodha ya magugu yanayotakiwa kung'olewa yasibaki, na mojawapo ni Palmer amaranth, lililogunduliwa Minnesota kwa mara ya kwanza mwaka 2016 na linalowaumiza kichwa wakulima wa soya na mahindi. Wa kwetu si huyo, ila sura ni za ukoo mmoja. Mzungu mwenye tuta karibu na langu alinijia kwa upole mwingi, akauliza kama nafahamu kwamba nimeotesha magugu. Nikamkatia fungu, nikamwelekeza: kitunguu, nyanya, tui la kopo, usiufunike ukaiva kupita kiasi. Wiki iliyofuata alikuja kuomba mbegu.

Upande wa pili wangu yuko bibi wa Kihmong. Saint Paul ina jamii kubwa sana ya Wahmong, watu waliotoka milima ya Laos baada ya vita na kupitia kambi za wakimbizi za Thailand. Soko la wakulima la mji huu lingekuwa meza tupu bila wao. Siku moja nilimwona bibi huyu akikata ncha za miboga yake, zile laini zenye vikonyo vinavyojikunja, akizifunga mafungu. Kisha akakaa kwenye ndoo na kuanza kumenya nyuzi za bua, anaivunja ncha kidogo, anauvuta uzi mpaka chini, vilevile mama yangu anavyofanya akiwa Ipogolo, kule Iringa. Nikachuchumaa nikashika fungu la kwangu, tukamenya. Hatuna lugha ya pamoja zaidi ya "good" na "too much rain", na imetosha. Tangu hapo tunabadilishana: mimi natoa mchicha, yeye anatoa majani ya maboga. Mimi naunga kwa karanga. Yeye anachemsha na maji tu, anakunywa na mchuzi wake. Nadhani kila mmoja anamwona mwenzake anaharibu mboga.

Yeye ndiye aliyenionyesha, kwa vidole, kwamba nipande butternut, aina ya boga. Kuna nondo wa huku ambaye kiwavi wake huingia ndani ya shina la mmea wa maboga katikati ya kiangazi. Asubuhi mmea uko mzima, jioni umelala chini. Butternut shina lake ni gumu, kiwavi hushindwa nalo. Na kwa kuwa sisi tunataka majani, boga lenyewe likija ni nyongeza.

Bibi huyo hulima akiwa amejifunga aproni yenye ukanda wa darizi ya kwao, paj ntaub, mishono midogo kiasi kwamba nilipoinama kuitazama nilihitaji miwani. Wahmong ni mafundi wa kutisha. Ndio hao ambao kambini Thailand miaka ya 1970 walianza kudarizi vitambaa vya masimulizi, vita na kuvuka Mto Mekong, picha moja moja kwa uzi. Ukanda wa aproni ya bibi ungeweza kukaa kwenye fremu ukutani. Ulikuwa na matope.

Sasa vitambaa vyenyewe.

Kitenge cha nta ni rahisi. Ni kizito, kimefumwa kwa kubana, kinashika ukingo, unaweza kukichanganya na pamba ya Kimarekani bila kuleta ugomvi. Kanga ndiyo yenye mambo. Ikiwa mpya ni ngumu na ya kuvutia, lakini ugumu ule ni wanga wa kiwandani. Ukiifua unatoka, nguo inalegea na kuanza kutembea chini ya sindano. Wengine kwa kuogopa hilo huikata bila kuifua, na blanketi likifuliwa mara ya kwanza nyekundu inahamia kwenye nyeupe na viraka vinajikunja kila kimoja kwa kiasi chake. Loweka kila doti peke yake, hasa nyekundu na nyeusi, badilisha maji mpaka yatoke meupe. Ikikauka irudishie wanga wewe mwenyewe. Dukani kuna wa kupuliza, lakini mimi natumia njia ya mama ya mashuka: uji mwepesi wa unga wa muhogo uliochujwa kwa kitambaa. Piga pasi ingali na unyevu kidogo. Hapo sasa kata. Sindano iwe nyembamba, namba 70 au 80, mshono mfupi wa milimita mbili, na pembeni uache robo inchi.

Wanaonisoma watauliza kuhusu jina la kanga, kama lina ruhusa ya kukatwa. Mimi silikati. Mji na pindo navikata viraka, ila ile kanga ambayo jina lake linanigusa naiacha nzima, naiweka mgongoni. Na hapo ndipo nilipokutana na hisabati iliyonifurahisha kiangazi kizima. Kanga moja ina takriban sentimita 150 kwa 110. Ukiziunganisha kanga mbili za doti ubavu kwa ubavu, upande mrefu kwa mrefu, unapata kama sentimita 150 kwa 220. Mablanketi ambayo akina mama wa kanisani kwetu huyashonea shirika la Lutheran World Relief yanatakiwa yawe na inchi 60 kwa 80, ambazo ni takriban sentimita 150 kwa 200. Doti moja, mgongo mmoja, mshono mmoja katikati, na kipande cha kubaki unakirudisha kwenye viraka. Ni kama watengeneza kanga na wanawake wa Minnesota walipimana kwa siri.

Akina mama hao ndio walionifundisha kushona kwa kasi. Wengi ni wajane wa miaka sabini na themanini. Hukutana asubuhi katika ukumbi wa chini wa kanisa, kahawa imeshachemka, na meza ndefu zimepangwa. Shirika lenyewe lilianzishwa mwaka 1945 kwa ajili ya watu wa Ulaya walioharibiwa na vita; siku hizi mablanketi yanakwenda kwa wakimbizi na waliopatwa na majanga nchi mbalimbali, na Tanzania nayo imeshayapokea, kwa ajili ya wakimbizi wa magharibi kule. Pembe zikikutana ni sawa, zisipokutana pia ni sawa. Uso unashonwa kwa chochote kilicho imara: pazia la zamani, shuka la hospitali, suruali ya jinzi. Matabaka matatu yanatandazwa mezani, wanne wanakaa kila upande, sindano kubwa yenye uzi wa kufumia sweta inapita chini na kurudi juu, fundo mara mbili, kata, sogea upana wa kiganja kimoja, rudia. Hakuna kushonea kwa cherehani juu ya tabaka. Saa moja na maongezi yake, blanketi limekwisha. Ndiyo maana hayo ya kufunga kwa uzi nilimudu kuyatengeneza hata Julai: halikai mapajani mwako, linakaa mezani.

Mmoja wao aliponiona mara ya kwanza alinisalimia kwa Kihehe, "Kamwene!", kwa lafudhi ya theluji kabisa. Makanisa ya Kilutheri ya Saint Paul yana ushirikiano na Dayosisi ya Iringa ya KKKT tangu mwaka 1987, unaitwa Bega kwa Bega, na mama huyo amekwenda Iringa mara nyingi kuliko nilivyoweza kwenda mimi tangu nihamie huku. Anajua mpaka bei ya nyanya sokoni. Niliona haya kidogo, nikamjibu, "Kamwene, mama."

Kina mama hawa ukiwaletea kanga hawaitazami kwa heshima ya makumbusho. Wanaipima kwa macho, wanauliza kama imefuliwa, wanaichana. Mara ya kwanza moyo uliruka. Doti ile niliinunua Kariakoo na marehemu shangazi. Baada ya nusu saa ilikuwa mgongo wa blanketi, jina lake liko wazi upande wa miguuni, na nikagundua kwamba sikuwa nimeitazama vizuri tangu siku ile tuliyoinunua.

Zawadi ndogo nitazipita haraka. Nilishona aproni za vitenge, foronya, mifuko ya soko yenye bitana. Vitambaa vya kushikia sufuria vina onyo moja tu: ndani weka pamba halisi, kwa sababu pamba ya plastiki huyeyuka kwa joto na kumuunguza uliyempa zawadi. Binti mmoja wa kwetu alijifungua Julai nikampelekea mbeleko ya kitenge maradufu. Rafiki zake walikuwa wamemletea vibebeo vya dukani vya kamba na vishikizo kumi, na mbeleko ndiyo iliyopauka.

Iliyoniumiza kichwa na kunifurahisha kuliko zote ni vile viblanketi vya mikono. Wazee waliopoteza kumbukumbu mara nyingi mikono yao haitulii. Wanavuta shuka, wanang'oa vifungo vya sweta, wanajikuna mpaka ngozi inachubuka. Ukiwapa kitu cha kushughulika nacho wanapumua. Kiblanketi chenyewe ni kidogo, cha kukaa mapajani, na juu yake unashonea vitu vya kugusa: zipu ya kufungua na kufunga, mfuko wenye kifuniko, kipande cha kodrai, kipande cha satini, vifungo vikubwa. Vifungo unavishona kwa uzi maradufu na kuvifungia nyuma kwa kifungo kingine, kwa sababu kikichomoka kitaishia mdomoni. Utepe mrefu hapana, vidole vinanasa. Na kama ni blanketi la mtu wa kiti cha magurudumu, lisipite sentimita 90 kwa 110 au hivi, pembe zisije zikaingia kwenye gurudumu. Juu ya yote, shonea watu wa dobi. Nyumba za wazee hufua kwa maji ya moto na kukausha kwenye mashine kubwa zisizojua kwamba bibi yako alidarizi. Sufu hujikunyata ikawa kofia. Hariri ndiyo basi. Pamba na jinzi zinastahimili, na jina la mwenyewe liandikwe kwenye lebo iliyoshonwa, la sivyo kesho liko kwa mwingine.

Yupo mzee aliyekuwa mkulima maisha yake yote, wa mahindi na soya. Niliomba ruhusa kwa wakubwa wa zamu, nikamshonea kimoja chenye zipu tatu za rangi, nikijua zitamfaa. Hakuzigusa hata siku moja. Alichoshika ni kipande cha gunia nilichokuwa nimekiweka pembeni kuziba nafasi. Alikisugua kwa kidole gumba usiku kucha, mara akauliza kama mvua imenyesha. Sasa kila ninachowashonea wanaume wa umri ule kina gunia, na zipu naziweka moja tu.

Mwisho wa Agosti nilikwenda kwenye maonyesho makubwa ya jimbo, Minnesota State Fair, yale ya siku 12 yanayomalizikia Jumatatu ya kwanza ya Septemba. Nilitoka kazini moja kwa moja, macho mekundu. Kuna jengo zima la kazi za mikono. Makwilti yametundikwa safu kwa safu na utepe wa buluu kwa washindi, pembe zimekutana kiasi cha kukuudhi, mishono ya mkono imelingana kama ya mashine. Jengo jingine kuna picha zilizotengenezwa kwa mbegu za mazao, mbegu moja moja kwa gundi, nyuso za watu kabisa. Nilikaa muda mrefu mbele ya kwilti moja nyeupe tupu ambayo mapambo yake yote ni mshono. Mtu amekaa na kitu hicho baridi nzima na najua alichokitoa. Sina la kumkosoa. Ila pembeni yake kulikuwa na makopo ya jemu na achari nyuma ya kioo, yenye tepe zake, na nilijikuta nawaza nani atakuja kuila ile jemu ya plamu. Waamuzi walionja kijiko. Nilinunua mahindi ya kuchoma nikaenda zangu kulala.

Lililobaki ni la mama.

Mabaki ya sare nilikuwa nimeyatenga tangu mwanzo. Fundi akikata gauni, kinachobaki ni vipande virefu vyembamba, havina kazi. Lakini kuna mtindo wa Kimarekani wanaouita log cabin, kibanda cha magogo, ambao unahitaji vipande vya namna hiyo hasa: unaanza na mraba mdogo katikati, kwa desturi yao mwekundu kwa ajili ya moto wa jikoni, unazungusha kipande kimoja, kingine, kingine, upande mmoja rangi za giza na upande mwingine rangi nyepesi. Niliweka katikati ya kila mraba sare ya msiba wa baba mdogo, iliyokuwa nyekundu ya udongo. Kuizunguka zikaja harusi, ubatizo, sendofu, mkutano wa wanawake wa jimbo, hata ile ya kwaya iliyovunjika. Viraka vilikamilika kabla ya Oktoba. Januari nikashonea matabaka. Juni iliyofuata kikundi cha ushirika kilikuwa kinakwenda Iringa, mama wa "Kamwene" akajitolea kulibeba. Juni na Julai ndiyo baridi ya kwetu, na mama anaishi na mdogo wangu wa mwisho tu.

Ili lisichafuke njiani nililifungasha ndani ya blanketi jingine, la kufunga kwa uzi, ambalo sikuwa nimekusudia liwe zawadi ya mtu. Uso wake ulikuwa shuka la zamani la maua na suruali mbili za jinzi za mume wangu, mgongo ni doti ya kanga iliyopauka. Nikafunga kwa kamba.

Mama alinipigia kwa video likiwa limetandazwa kitandani. Alipita na kidole kiraka kwa kiraka. "Hii ni ya harusi ya kina Tumaini, ile iliyonyeshewa. Hii hapa baba yako alisema inafanana na pazia. Hii ya msiba umeiweka katikati." Akanyamaza, akasema, "Umefanya vizuri, mwanangu." Kisha akalikunja kwa uangalifu, akaagiza mfuko.

"Mama, hilo ni la kujifunika."

"Nitajifunika wageni wakija."

"Mama, wageni wajifunike na wewe upigwe na baridi?"

"Hili siyo la kila siku. Unataka moshi wa jikoni ulipate?"

Nilijaribu kubishana, nikamtumia mdogo wangu amshawishi, akashindwa. Limeingia sandukuni pamoja na doti zake za miaka ya nyuma. Sikulala vizuri, nikimkumbuka yule mzee marehemu na kwilti lake kwenye mfuko wa plastiki.

Lakini mdogo wangu alinitumia picha mwezi uliofuata, hakuwa na habari nyingine, alitaka tu nione paa la jiko lilivyokarabatiwa. Mama yumo kwenye picha, amekaa kwenye kigoda karibu na moto anachambua mboga, magotini ana lile la shuka na jinzi. Nikauliza. Mdogo wangu akasema analo kutwa nzima: analalia, anajifunika akisikiliza redio, anawatandikia wajukuu, limeshafuliwa na kuanikwa uani sijui mara ngapi, na shimo lililochomwa na cheche amelitia kiraka yeye mwenyewe kwa mkono.

Nilipompigia, nikamwamkia, akaitikia marahaba, nikamuuliza blanketi lile analionaje.

"Lipi? Lile kifungashio?" akasema. "Lile lina joto sana. Mama wa nyumba ya pili analitamani. Wazungu wakija tena uwape vifungashio vingine viwili, kimoja cha mjomba wako, maana miguu yake inamsumbua. Hayo mazuri usihangaike."

Nimeshona vinne. Sanduku langu limebakiwa na doti tatu na kitenge kimoja cha bluu, na besmenti kuna rundo la jinzi zilizokatwa ambazo akina mama wa kanisani wamenikusanyia.